Bakuli Halirudi Tupu

Alhamisi, saa tano na nusu,
Bi Mwajabu anapanga mabakuli saba kwenye kreti ya soda,
anayakaza kwa tyubu kuukuu niliyomkatia mwenyewe
kibandani kwangu, Barabara ya Kumi na Mbili.
"Usiyumbe," ananiambia, "mchuzi wa mbaazi hauna breki."
Anahesabu kwa kidole, midomo ikicheza: saba.
Kisha anahesabu tena, kama mtu asiyeziamini senti zake.

Sikuombwa. Nilisema tu siku moja
kwamba baiskeli ninayo, na njia ninaijua,
na mchana wateja wamelala.
Maneno mengine ukishayatoa mdomoni
yanapanda kwenye keria, hayashuki.

Wa kwanza ni Mzee Shekue, aliyekuwa reli.
Kwake sipiti mlango wa mbele.
Tulipatana bila kupatana:
naingia uchochoroni, bakuli nimelizungushia gazeti,
nabisha na kupaza sauti, majirani wasikie,
"Mzee! Ile spana yako nimeileta!"
Naye kwa ukali wa stesheni masta,
"Umechelewa! Weka hapo!"
halafu analipokea kwa mikono miwili.
Mwaka wa pili huu.
Tuna spana za kutosha kufungua treni nzima.

Makorora kuna mapacha wa marehemu Kihiyo,
kijiko wewe, kijiko mimi,
na cha mwisho wanampelekea bibi yao kitandani,
asiyejua kuwa leo ni Alhamisi
ila kwa harufu ya nazi.

Na Msambweni, Bi Mwanakombo.
Huyu hakunirudishia bakuli tupu hata mara moja.
Nikamwambia, Bibi, hili si la jirani,
hili la kamati, lina orodha.
Akanitazama kama niliyemtukania mama.
"Chombo cha watu hakirudi kitupu.
Mimi mhitaji, mwanangu, si mshenzi."
Basi nimerudi na ndimu mbili.
Nimerudi na asumini kwenye jani la mgomba.
Nimerudi na chumvi, kiasi cha kubanwa na vidole vitatu,
wiki ambayo nyumba haikuwa na kingine.
Nimerudi na kifungo cheusi cha shati.
"Cha pili hapo kifuani hukioni kimedondoka?"
Sikuwa nimekiona.

Alhamisi moja nikakuta viatu vingi mlangoni pake.
Nikavua vyangu, nikaingia, nikakaa na waliokaa.
Nilipotoka, mwanamke alikuwa amesimama kando ya baiskeli,
mtoto mgongoni, kiganja juu ya kreti,
hafungui, anapima joto tu.
"Yule bibi," alisema, "alikuwa akinimegea."
Alisubiri kidogo.
"Kila Alhamisi. Nusu yake."

Miezi kumi na minne nimeukanyagia mlango wa huyu
nikienda mlango wa pili.
Anaitwa Saumu. Sikucheka.
Nikafungua tyubu, nikampa bakuli zima,
likawa limepoa, akasema si neno,
akageuka upesi, kama aliyeiba.

Bi Mwajabu sikumwambia. Yeye huhesabu saba,
na saba zimetimia.

Jana nilikwenda kulichukua.
Lilikuwa limeoshwa, limesuguliwa kwa majivu mpaka ndani,
na ndani hamna kitu.
Saumu ameliinamisha uso wake humo
kana kwamba pengine kitu kitatokea.
Nikapapasa mfukoni. Kifungo.
Tangu siku ile sijakishona.
Nikakiacha kidondoke; kikalia mara moja, kikatulia.
"Sasa funika," nikamwambia.

Jikoni Bi Mwajabu akafunua, akaduwaa.
"Nani tena huyu kaleta kifungo?"
Msambweni, nikasema,
na upepo ukinipuliza kifuani, palipo wazi.